Kazi ya Kutojua Kiswahili

Nimewahi kuajiriwa ili nisijue Kiswahili. Watu wakiniuliza nilijishikiza wapi nilipokuwa mwanafunzi ugenini, huwajibu hivyo hivyo, nao hucheka wakidhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Nimetumwa dukani kwa Kiswahili, nimepigwa makofi kwa Kiswahili, na kila usiku marehemu baba alikuwa akifungua redio ya Dar es Salaam na kutunyamazisha sote ili tusikie, kama alivyosema, watu wanaokiheshimu wanavyokisema. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kusoma Kiswahili chuo kikuu huko Dar, nilivuka mpaka kama mtu anayekwenda kuhiji. Huko huko nilikokwenda kuhiji, mtaa wa Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, nikapewa kazi kwa sharti la kutokijua.

Ilikuwa miaka ya tisini, zama za ruksa ya kila mtu kufanya biashara zimekolea. Kila mwenye banda la gari alikuwa ametambua kwamba banda si la gari. Huyu kaweka saluni, yule kaweka video, mwingine kafuga kuku wa kisasa wanaonuka mtaa mzima. Madamu aliweka shule.

Tulimwita Madamu kwa amri yake mwenyewe. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika shirika moja la umma ambalo lilikufa kama yalivyokufa mengine, na kiinua mgongo chake alikigeuza viti vidogo vya plastiki, uzio wa mabati, na mchoro wa tembo aliyevaa tai ukutani. Chekechea ya Kiingereza, hilo ndilo alilowatangazia watu. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha barua. Angeweza kumwandikia mteja kumwomba radhi kwa kuchelewa kwa bidhaa, ila kumwambia mtoto apenge kamasi hakuweza.

Kwa hiyo alitafuta Mkenya. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na imani mbili kuhusu sisi Wakenya, na watu walizishika kuliko dini zao. Ya kwanza, kwamba Mkenya huzaliwa na Kiingereza mdomoni. Ya pili, kwamba Mkenya Kiswahili hakijui na hatakijua. Imani ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Ya pili ilikuwa tusi, na nilikuwa nimeshaisikia kwa makondakta, kwa wauza mahindi, hata kwa mhadhiri mmoja aliyepaswa kujua zaidi. Mombasa walikuwa wameisahau kabisa, au labda hawajawahi kuambiwa kwamba iko Kenya.

Hela za matumizi kutoka nyumbani zilikuwa zikija kwa kusuasua, na bwenini nilikuwa nimekosa nafasi. Mwanafunzi mwenzangu akanielekeza kwa Madamu. Alinipokea sebuleni, akaniangalia kuanzia viatu.

"Mkenya wa wapi?"

"Mombasa."

"Hilo usilitaje tena. Wewe ni wa Nairobi." Akaninyooshea kidole mdomoni. "Na hicho Kiswahili chako kiache getini. Unaongea kama mtu wa Tanga. Mzazi akikusikia, ada nani atalipa? Mie nataka mwalimu ambaye mzazi akimsalimia, anababaika."

"Na wazee?" nikauliza. "Wakija wazee niwaamkie vipi?"

"Wazee ndio kabisa. Shikamoo marufuku. Ile haina Kiingereza chake, kwa hiyo humu ndani haipo."

Nilitaka kucheka, kisha akanionyesha chumba cha uani ambacho ningekaa bure, chenye kitanda na dirisha la nondo, na nikaacha kucheka. Mwenye njaa hana miiko. Tulipatana kwamba nitafundisha asubuhi zile ambazo sina vipindi chuoni. Basi nikawa mtu wa ajabu: asubuhi sikijui Kiswahili, mchana nakaa darasani nachambua tenzi.

Shule yenyewe ilikuwa na sheria moja tu, na haikuwa ya kunawa mikono. Ukivuka uzio wa mabati, Kiswahili kimekwisha. Mtoto akikamatwa nacho alivishwa shingoni kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, kilichotobolewa na kutiwa kamba, naye alikivaa mpaka amchongee mwenzake. Watoto wale walikuwa hawajui kufunga vifungo vya mashati yao, lakini kuchongeana walikujua vizuri kabisa. Sijaona njia nyepesi kama hiyo ya kukuza wambea.

Siku yangu ya kwanza aliletwa mtoto mpya, binti mdogo ambaye hata meno ya utoto yalikuwa bado hayajaanza kumng'oka. Alishikwa mkono na bibi yake. Bibi alikuwa mwanamke wa Temeke, mfupi, mpana, ugoro umemjaa chini ya mdomo, kaniki kiunoni na khanga mabegani. Mwanawe, baba wa yule mtoto, alikuwa amemtoa kwake Temeke akamweka Kipawa amlelee binti, kwa sababu mkewe kila mara alikuwa Dubai akifuata mali ya biashara. Bibi alimsukuma mjukuu kwa upole kuelekea kwangu. Mtoto alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Nilifungua mdomo. Madamu alikuwa amesimama pembeni, macho kanitolea, nami nikaufunga. Kisha Madamu akachukua kile kifuniko, akamvisha mtoto shingoni huku akimtabasamia bibi. "Ndiyo utaratibu wetu, bibi. Atauzoea."

Mtoto hakukitazama kifuniko. Alinitazama mimi, anangoja. Shikamoo ni kama kitu unachompa mtu mkononi. Asipokipokea, hujui ukiweke wapi. Aliniangalia mpaka Madamu akamvuta akamketisha chini ya tembo. Tangu hapo hatukumsikia tena.

Bibi yake tulimsikia. Adhuhuri alikuja kumchukua mjukuu, akasimama langoni na kunikazia macho, akingoja nimwamkie kama binadamu aliyezaliwa na binadamu. Mimi nikamwambia, "Gudi afutanuni." Akaugeukia uzio, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Mtazame. Limtu lizima. Limefungwa tai kama mbuzi asitoroke. Hivi huyu alilelewa au alifugwa?"

Nilitabasamu. Ndiyo kazi niliyopewa.

"Na meno ya kunichekea anayo!"

Akawa kila nikiwapo ananipa fungu langu la matusi. Siku moja nilikuwa na kichwa cha fenesi, siku nyingine nilikuwa nimezaliwa jua la utosi likaniunguza akili. Siku alipokuwa amechoka alisema tu, "Jiwe," akapita. Chuoni hatukuwa na mhadhiri aliyekitema Kiswahili kama yule bibi. Nilikuwa nikipanda basi la kwenda kwenye vipindi huku nimeng'ata meno nisicheke, na nikikaa darasani kusikiliza mtu akisoma karatasi yake kavu kuhusu utajiri wa lugha, nilikuwa nikimkumbuka yule bibi aliyenitukana bure na kwa ufasaha.

Aliyenichefua ni mwanawe. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo pale uwanja wa ndege, na mizigo ilikuwa imemtoa na yeye: pikapu mpya, suruali yenye mkunjo, simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa. Alipokuja alinisabahi kwa maneno matatu ya Kiingereza, ndiyo akiba yake yote, kisha akamgeukia Madamu wakazungumza juu yangu mbele yangu, nami nimesimama katikati yao.

"Huyu yuko fiti? Hanywi?"

"Hanywi, bosi."

"Na Kiswahili hajui kweli? Isije ikawa ishu baadaye."

"Hajui hata karibu. Juzi kaniuliza maji ndiyo nini."

"Safi sana," akasema, akanizunguka kunitazama na mgongoni. Ng'ombe wa mnadani huangaliwa kwa staha kuliko ile. Nami nikatazama juu ya kichwa chake, nikitabasamu, ulimi unaniwasha.

Ulimi ukawa unaniwasha kweli. Mtu asiyewahi kukatazwa lugha yake hajui ninachosema. Asubuhi nzima maneno yanakujaa kinywani, unayameza. Kilichoniokoa ni ndege. Kipawa iko chini ya njia yake. Ikija kutua, mabati yote hutetemeka na hakuna anayemsikia mwenzake mpaka ipite. Siku moja Madamu alikuwa amenisimamia ananieleza jinsi ya kumwambia mtoto asikojoe uwanjani, jeti kubwa ikatupitia. Nikamwambia, uso kwa uso, kwa tabasamu lile lile la kazi, kwamba yeye ni mjinga wa kutupwa, hana haya, na kwamba tembo wake ana akili kumshinda. Akadhani namkubalia kwa Kiingereza. Akaitikia kwa kichwa, akanipigapiga begani.

Sikuwahi kupata raha kama ile. Baada ya hapo nikawa nazingoja ndege. Zile ndogo za kwenda visiwani zilinitosha kwa sentensi moja, za Ulaya zilinipa nafasi ya ubeti mzima wa utenzi. Ikinguruma tu, mimi huyo, nageukia uwanja na kusema chochote, habari za asubuhi, bei ya samaki, majina ya ndugu zangu. Ikipita, nafunga.

Ndipo siku moja, jeti ikiwa juu yetu, nikamwona yule binti chini ya tembo. Alikuwa ameshika kiatu chake kimoja mikononi kama mtu anayeshika mtoto, na midomo yake ilikuwa ikienda mbio. Anakisemesha. Anakieleza jambo refu, anakikaripia, anakiuliza na kukijibia. Kelele zilipopungua alikata palepale, akavaa kiatu, akanyamaza kama wengine walivyomzoea. Akainua macho akanikuta namwangalia. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake wa siri moja.

Nilielewa. Alikuwa ameniona kitambo nikiongea chini ya ndege. Alikuwa amejifunza kitu kimoja tu katika shule ile, na aliyemfunza ni mimi. Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi. Nilimwona yeye ndiye mtu pekee mwenye akili ndani ya uzio ule.

Furaha hiyo alinitoa bibi yake. Asubuhi moja alikuja mapema, kabla ya watoto kutoka, akakuta nimekaa peke yangu barazani. Akajishusha karibu yangu, akatema ugoro, akapangusa mdomo kwa ncha ya khanga. Nikasema gudi moning yangu. Hakuniangalia.

"Nakueleza wewe kwa sababu wewe ni ukuta," akasema. "Ukuta hauendi kusema kwa jirani. Mtoto haongei. Hapa nimezoea, hapa hata mie ningenyamaza. Lakini na nyumbani haongei. Alikuwaga anaongea huyu mpaka namwambia pumzika, utameza nzi. Sasa ukimuuliza umeshiba, kimya. Unaumwa, kimya. Baba yake kafurahi. Anasema Kiswahili kinamtoka, Kiingereza kinaingia. Na mie kanikataza, nisimsemeshe, ati namchelewesha. Mie Kiingereza nitakitoa wapi? Basi tunakaa. Yeye kimya, mie kimya, tunatazamana kama wagonjwa wawili wodini."

Akakunja ncha ya khanga. Nilidhani amemaliza.

"Nimempeleka hospitali. Daktari kamtazama koo, kasema koo zima. Nimemsomea, nimempulizia. Kitu kimoja tu sikielewi. Akisikia ndege, hata akiwa anakula, anaacha tonge, anakimbilia uani nyuma ya choo. Ikipita anarudi. Sijui anafuata nini huko. Sijui ndege imemwingia mwilini. Mie naogopa, ukuta. Naogopa atakuwa bubu mikononi mwangu, na mama yake yuko Dubai ananunua mapazia."

Nilijua anachofuata nyuma ya choo. Katika mtaa mzima wa Kipawa, mtu aliyejua ni mimi, na nilikuwa nimefungwa tai. Nikasema, "Ai ami sori."

"Sori mwenyewe," akasema bibi, akainuka.

Siku ile ile nilimfuata Madamu jikoni, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto amenyamaza hata kwao na kwamba ni lazima sheria ya kifuniko ife. Alikuwa anakoroga uji. Hakusimamisha mwiko.

"Anakusanya," akasema. "Kiingereza kinakusanywaga kwanza, halafu kinamwagika kwa mpigo."

"Hakusanyi chochote. Anaogopa."

"Sikiliza, kijana. Siku ya wazazi ni wiki ijayo. Baba yake ndiye anatoa turubai na soda. Ukiniharibia, chumba changu nakitaka jioni hiyo hiyo." Akaonja uji, akaongeza sukari.

Siku ya wazazi ilifika na jua lake. Turubai lilifungwa, viti vya kukodi vikapangwa, na mgeni rasmi akawa yule aliyekuja na gari kubwa kuliko wote. Sikupata kujua alikuwa na cheo gani kingine. Kina mama walikuwa wamevaa mawigi ambayo joto la Dar lilikuwa likiyaadhibu. Watoto waliimba wimbo wa theluji, jasho likiwachuruzika, na wazazi wakafuta machozi ya fahari. Hakuna aliyeelewa neno, na ndiyo sababu walifurahi. Bibi walimweka nyuma kabisa, karibu na pipa la maji, asije akaingia kwenye picha.

Kisha Madamu akatangaza kwamba binti wa mfadhili wetu atawakaribisha wageni kwa Kiingereza. Mtoto akasimamishwa mbele, gauni limefura kama mwavuli. Kimya. Madamu akamnong'oneza neno la kwanza. Kimya. Akamnong'oneza tena huku akimfinya begani, nami nikaona kidevu cha mtoto kinaanza kutetemeka. Macho yake yalikuwa juu, yanatafuta angani. Nilijua anatafuta nini, nami nikatazama juu nikitafuta kile kile. Mbingu ilikuwa tupu.

Baba yake akasimama, akacheka na wageni. "Msiwe na wasiwasi. Anafikiri kwanza kwa Kiingereza. Hata nyumbani hivi sasa Kiswahili ameshakisahau kabisa!"

Wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi. Watu wazima, wenye akili zao, waliosomeshwa bure kwa Kiswahili na nchi yao mpaka wakapata hizo suruali na hayo mawigi, walimpigia makofi mtoto wa chekechea kwa kupoteza ulimi wake. Nimedharau watu wengi maishani mwangu, lakini sijawahi kudharau umati kama nilivyoudharau ule chini ya turubai lile.

Makofi yalipopungua, bibi alikuwa ameshatoka pale penye pipa. Alipita katikati ya viti bila kuomba njia, akawapita mwanawe na mgeni rasmi, akaja akasimama mbele yangu.

"Wewe ukuta," akasema. "Leo nakuuliza mbele za watu. Mjukuu wangu amekuwa bubu, au hajawa?"

"Bibi, hakuelewi huyo," Madamu akadakia, anacheka kwa woga. "Mkenya huyu."

Nikavuta pumzi.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Mjukuu wako si bubu. Anaongea vizuri kuliko sisi sote. Anaongea ndege ikipita, kwa sababu mwalimu wake naye huongea ndege ikipita."

Watu hawakupata hata muda wa kushangaa. Sauti ilitoka mbele, ile sauti kubwa kuliko mwili wake, imejaa hofu kwa ajili yangu.

"Mwalimu! Ndege haijapita!"

Bibi aliweka mkono kinywani. Akakaa kwenye kiti cha mgeni fulani, juu ya pochi ya mwenye kiti. Ungedhani baba mtu angekimbia akambebe binti yake. Hakumtazama hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kumbe anajua Kiswahili!"

"Tumetapeliwa!" akasema mzee mmoja wa miwani.

"Tena si cha kubabaisha," mama mmoja akaongeza kwa kuchukizwa. "Kiswahili kabisa, cha pwani!"

"Mie nilisemaga tangu mwanzo. Sura ya Tanga ile."

Madamu akaanza kuapa kwa jina la Mungu na la marehemu mama yake kwamba naye kadanganywa, na akaapa kwa Kiswahili, ndani ya uzio. Mtoto mmoja mtiifu alikuwa ameshakimbia kuchukua kile kifuniko. Akaja nacho ameshika kamba, akazunguka katikati ya wakubwa waliokuwa wakipiga kelele, hajui aanze kumvika nani.

Soda hazijaisha, godoro langu lilikuwa nje. Baadaye nilisikia kwamba Madamu hakukaa sana bila mwalimu. Alimpata kijana mmoja wa Kizungu aliyekuja kupanda mlima akaishiwa nauli. Alikuwa hajui Kiswahili kweli kweli, na walionihadithia walisema Kiingereza nacho kilikuwa kinamsumbua, maana kwao husema lugha nyingine kabisa. Wazazi waliridhika sana.

Lakini mimi jioni ile nilikuwa barabara ya Pugu, nimekalia godoro langu lililoviringishwa, nangoja gari la kunisogeza kwa mwenzangu yeyote atakayenipokea. Tai nilikuwa nimefungia godoro. Nikamsikia mtoto kabla sijamwona. Alikuwa anaongea mfululizo, hapumui: nani kamwaga soda, nani kajikojolea kwenye wimbo, kwa nini wigi la mama yule liligeuka, kuku wa jirani ana vifaranga na kimoja ni kilema. Bibi alikuwa amemshika mkono huu, mkono mwingine kabeba kikapu cha ukindu kimejaa nguo za mtoto.

"Nampeleka kwangu Temeke," akasema alipofika, kama vile nimemuuliza. "Baba yake atatufuata akimaliza kuona haya. Kama anazo." Akaweka kikapu chini. Akanitazama muda mrefu. "Wewe. Siku zote zile ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia, bibi."

"Yote?"

"Yote. Hata la fenesi."

Akatema ugoro pembeni ya barabara. "Basi yalikufika panapostahili," akasema. Kisha, baada ya kunifikiria kidogo, akasema, "Marahaba."

Akamgusa mjukuu mgongoni. "Haya. Mwamkie mwalimu wako."

Mtoto akaacha habari ya kifaranga. Akatazama juu kwanza, upande wa Gongo la Mboto zinakotokea ndege, kisha akamtazama bibi, bibi akamkubalia kwa kichwa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama siku ile ya kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikafungua mdomo, na ndipo jeti ikatokea, kubwa, chini kabisa, magurudumu nje. Nikafunga mdomo. Tulisimama tumeshikana mikono, vumbi linaruka, yeye kanikazia macho. Nikaingoja ipite yote, mpaka mngurumo wake ulipoishia uwanjani na barabara ikawa tulivu. Ndipo nikamwitikia.